Matanga yakishaanuliwa, uanzie wapi?

Huku kwetu Mtwara msiba haukuachi peke yako. Hata hujaamini kama umefiwa, turubai limeshafungwa, masufuria ya majirani yako jikoni, mikeka imetandikwa uani na mtu usiyemjua jina anaandika rambirambi kwenye daftari. Watani nao hawakosi: atatokea mmoja avae koti la marehemu, aige mwendo wake, ucheke huku machozi yanakutoka. Siku zile unabebwa tu. Baba yangu alipofariki, mimi na mama hatukujua hata chumvi imetoka wapi.

Kwa hiyo ushauri wangu hauhusu siku hizo. Unahusu zinazofuata, watu wakishatawanyika na turubai likarudi kwa mwenyewe.

Utaambiwa sana "jikaze" na "kazi ya Mungu haina makosa". Itikia, wanasema kwa nia njema. Lakini ukitaka kulia, lia, hata ukiwa juu ya bodaboda. Mimi kilichonisaidia kuliko maneno yote ni kushika kazi aliyoiacha. Baba aliacha mikorosho, na mikorosho haisubiri mtu amalize kuomboleza. Kiangazi kikifika inataka dawa ya salfa, usipopulizia, ugonjwa wa ubwiriunga unamaliza maua na msimu umekwisha. Tukatoa mashine yake ya kupulizia. Mkanda wake ulikuwa umeungwa kwa mpira wa baiskeli, fundo alilifunga mwenyewe kwa kipimo cha mabega yake, na kwangu mashine ikawa inaning'inia mpaka kiunoni. Nikakaa chini ya mkorosho nikalia. Kisha nikalifungua lile fundo kwa meno, nikalifunga upya kwa kipimo changu, tukaendelea mpaka jua likawa kali.

Baadaye nikasoma kwamba watafiti wawili, Margaret Stroebe na Henk Schut, waliieleza hali hii mwaka 1999. Kwa maelezo yao, mfiwa huenda na kurudi: mara anamlilia aliyeondoka, mara anashughulikia maisha yaliyobaki, na huko kwenda na kurudi ndiko kunakomsaidia kuizoea hali mpya. Kwa hiyo ukijikuta unacheka sokoni asubuhi na jioni huwezi kula, huna kasoro.

Mama yeye alikaa eda ya kufiwa na mume, miezi 4 na siku 10. Wapo wanaoiona ni kifungo. Yeye alisema ilimpa nafasi, maana hakuna aliyemtegemea achangamke wala aende harusini. Ila mwenye eda asiachwe aangalie ukuta. Wake wa majirani walikuwa wanakuja na ming'oko yao, ile mizizi ya porini tunayokula huku, wanamenya pamoja naye barazani, na mazungumzo yanakuja yenyewe.

Sasa niseme jambo litakalowaudhi baadhi ya ndugu. Sadaka ya arobaini isikufilisi. Nimeona familia inachukua fedha ya kangomba, yaani kumuuzia mtu korosho kwa bei ya kutupa kabla ya kuvuna, zikiwa bado maua, ili ichinjwe ng'ombe na watu wa mbali wasiseme. Watu wakala wakaondoka, mnada wa korosho ulipofika mzigo ukawa si wao. Huzuni ukiichanganya na deni hutajua unalia nini. Pika kulingana na mfuko wako, soma dua, basi.

Na mirathi msiiache ikae. Fuatilieni cheti cha kifo, kaeni kikao cha ukoo, andikeni muhtasari, mumpendekeze msimamizi mahakamani. Mchagueni mwenye subira, si mwenye sauti kubwa. Jambo likikaa muda mrefu bila mwenyewe, maneno huingia, na ndugu mliokuwa mnapaswa kushikana mnaacha kusalimiana.

Kuna huzuni nyingine inayohitaji mtaalamu. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeiweka huzuni inayogoma kupungua: imepita miezi 6 kwa uchache, imezidi kile ambacho mila na dini ya watu wenu inakitarajia, na imemzuia mtu kuishi maisha yake. Mtu kama huyo, au anayesema anataka kumfuata marehemu hata kama jana tu ndiyo mmezika, mpelekeni hospitali na msimwache peke yake. Kwa sisi wa mjini, hospitali ya Ligula ipo. Dua iendelee na hospitali aende. Kimoja hakizuii kingine.

Na wewe unayetaka kumsaidia mfiwa, usimalize nguvu zako zote siku ya mazishi. Nenda baada ya arobaini, siku ya kawaida, na fungu la samaki mkononi. Usimwambie "ukihitaji chochote niambie", kwa sababu hatakwambia. Uliza kama maji yamechotwa, na kama hayajachotwa chukua ndoo. Halafu mtaje marehemu kwa jina. Wengi huogopa kulitaja wakidhani wanamkumbusha, kana kwamba alikuwa amesahau.