Kama umetibiwa PID mara tatu na tumbo bado linakuua, soma hii

Mara ya kwanza kuambiwa nina PID, yaani maambukizi ya nyonga kwenye viungo vya uzazi, nilikuwa na miaka 22, kliniki moja hapa Kampala, nikapimwa mkojo tu basi, nikapewa antibayotiki za wiki mbili nikazimaliza zote. Mwezi uliofuata siku zangu zikaja na maumivu yakaja nazo vilevile. Nikarudi, nikaambiwa PID imerudi, sasa mlete na mume mtibiwe pamoja. Mara ya tatu mume wangu akaniangalia kwa jicho ambalo sijalisahau mpaka leo, manake mtu akisikia PID anawaza mambo ya kutembea nje. Tulikaa wiki nzima hatuongei. Miaka sita baadaye ndo nikajua kumbe ilikuwa endometriosisi, kwa kifupi tunaiita endo, ugonjwa mwingine kabisa, nitaueleza hapo chini.

Kwa hiyo dada yangu, kama umetibiwa maambukizi ya nyonga mara mbili tatu, umemeza dawa zote vizuri, na maumivu bado yanafuata kalenda ya hedhi, usikubali dozi ya nne kabla hujauliza: je, hii haiwezi kuwa endo?

Nauza mivumba, yaani mitumba, soko la Owino hapa Kampala. Siku ya kwanza na ya pili ya hedhi nilikuwa nakaa juu ya belo, chupa ya maji ya moto nimeifunga tumboni kwa leso, mteja akiuliza bei namwonyesha kwa vidole manake nikifungua mdomo nitalia. Nikipanda taksi kwenda kwa mama Bombo kila tuta la barabarani nalisikia upande wa kulia chini. Halafu choo. Hii tunaona aibu kuisema lakini ndo ilimfungua daktari macho: nikiwa kwenye hedhi, haja kubwa ilikuwa kama kisu kinapita, hedhi ikiisha hamna shida kabisa. Na tendo la ndoa nalo likiuma kwa ndani kule, sema. Hizo ni dalili kabisa, usizimeze ukabaki unaambiwa una vidonda vya tumbo.

Mama na shangazi waliniambia zaa, itaisha. Walisema kwa upendo, wao waliambiwa hivo na mama zao. Ila mimba sio dawa ya endo, hedhi ikikatika maumivu yanaweza kupoa, ikirudi nayo kwa wengi yanarudi, na kumwozesha binti wa miaka 17 eti apone tumbo ni kumwonea.

Yule daktari alinichorea nyuma ya karatasi ya skani. Tumbo la uzazi kama parachichi limegeuzwa, mirija, vifuko vya mayai, halafu akaweka nukta nukta za kalamu nje ya parachichi, nyuma kule karibu na utumbo. Akasema hizi nukta ni tishu inayofanana na utando wa ndani ya kizazi, ila imeota mahali sio pake, inalishwa na homoni ya estrojeni, panavimba, panabaki makovu mpaka viungo vinagandana. Ile karatasi bado ninayo.

Kwa nini inaota huko hakuna aliyemaliza kueleza. Miaka ya 1920 daktari Mmarekani John Sampson alisema sehemu ya damu ya hedhi inarudi nyuma kupitia mirija na kumwagika tumboni ikiwa na vipande vya huo utando. Ni kweli inarudi, lakini inarudi kwa wanawake karibu wote, kama 9 kati ya 10, wakati wanaougua ni kama 1 kati ya 10. Kwa hiyo kuna kingine, ndo watafiti wanaangalia kinga ya mwili na urithi wa damu. Mwaka 2023 ulitoka utafiti mkubwa ulioongozwa na Oxford, wanawake zaidi ya 60,000 wenye endo wakilinganishwa na watu zaidi ya 700,000 wasio nayo, wakapata sehemu 42 kwenye jeni zinazohusiana na ugonjwa, na baadhi zinaingiliana na kipandauso na maumivu ya mgongo. Mi kipandauso ninacho tangu sekondari, sikuwahi kufikiria vinaweza kuwa na ukoo mmoja. Ila waliopimwa walikuwa wa asili ya Ulaya na Asia Mashariki, sie Waafrika hatumo, na hilo linaniuma kweli.

Linaniuma manake sio mara ya kwanza. Miaka na miaka madaktari walifundishwa kuwa endo ni ugonjwa wa wanawake weupe wenye pesa wanaochelewa kuzaa, mwanamke mweusi akilia tumbo anaandikiwa maambukizi. Mwaka 1976 daktari mmoja wa Chicago, Donald Chatman, akachapisha utafiti kuhusu wanawake weusi, akaonyesha endo wanayo, na wengi wao walikuwa wameandikiwa PID. 1976! Mama yangu hata hajaolewa. Nilisoma hiyo kwenye simu usiku, nikamwamsha mume wangu nikamsomea yote, akanyamaza, halafu akaniomba msamaha.

Jambo lingine utakalosikia: watafiti wa Nagoya, Japani, mwaka 2023 walikuta bakteria aina ya Fusobakteria kwenye kizazi cha asilimia 64 ya wenye endo waliowapima, na chini ya asilimia 10 ya wasio nayo, halafu antibayotiki zikapunguza uvimbe kwa panya. Kwa panya, nasisitiza. Tafadhali usikimbilie duka la dawa kununua flajili au antibayotiki nyingine kwa sababu ya hii habari, dozi zangu zote tatu zile hazikunisaidia kitu.

Tiba ya kuimaliza kabisa bado haijapatikana, tusidanganyane, hata ile mitishamba ya kwenye ndoo. Kuna kupunguza. Ibuprofeni au diklofenaki meza na chakula, na anza pale maumivu yanapoanza kunyemelea, usingoje mpaka unagaagaa. Halafu homoni, na hapa ndo tunasahau tulichonacho mkononi. Sayana Press, ile sindano ndogo ya uzazi wa mpango ambayo wanawake wengi hapa Uganda wanajidunga wenyewe, ina miligramu 104 za dawa, na Marekani sindano ya dawa hiyohiyo kwa kipimo hichohicho imeidhinishwa kwa maumivu ya endo tangu 2005. Sio kwamba kila mtu akajidunge, inavuruga hedhi miezi ya kwanza, mifupa inaweza kupungua nguvu ukiitumia zaidi ya miaka miwili, na ukitaka mimba itabidi usubiri miezi baada ya kuacha. Lakini muulize mhudumu wa afya. Kuna pia vidonge na kitanzi chenye homoni.

Mi nilifanyiwa laparaskopi, upasuaji wa kuingiza kamera tumboni, matundu madogo matatu, wakakata vile vidonda. Mume aliuza boda yake ya pili kulipia. Mwaka wa kwanza nilikuwa mtu mpya, wa pili yakaanza kurudi kidogo, sasa natumia homoni na nafanya kazi siku zote za mwezi. Wengine wanakaa bila maumivu muda mrefu zaidi, wengine hawahitaji kisu, na mwongozo wa Ulaya wa 2022 unasema daktari anaweza kuanza dawa kwa kusikiliza dalili bila kusubiri kukupasua. Skani ikiwa safi isikukatishe tamaa, vidonda vidogo haivioni.

Cha kufanya leo: nunua daftari. Miezi mitatu andika tarehe, maumivu kati ya 0 na 10, choo, mkojo, tendo, ulikosa nini. Beba na karatasi zote za zamani. Omba rufaa kwa bingwa wa magonjwa ya wanawake, Kampala wapo Mulago ya wanawake, mikoani anzia hospitali ya rufaa ya mkoa. Ukisahau maneno, mpe daftari asome.

Binti ya dada yangu ana miaka 15, mwezi jana nilimkuta amejikunja sakafuni jikoni. Nikampa daftari. Ukurasa wa kwanza kaandika: siku ya 2, maumivu 8, nimekosa mtihani wa hesabu. Jumatatu tunaenda naye kumwona daktari.