Kuhusu hiyo operesheni yako

Mwanangu, marahaba. Umeniuliza uahirishe operesheni ya henia manake kipimo cha sukari cha miezi mitatu kimesoma asilimia 9.1, au uende hivohivo mwezi ujao. Mi nauliza kwanza, wamekupanga saa ngapi? Mwenye sukari anaingia wa kwanza asubuhi, nimelisema hilo miaka yote na nalisema tena.

Wewe ulikuwa bodingi baba yako alipoenda kufanyiwa tezi dume. Akaambiwa asile tangu usiku, ila kuhusu insulini hakuna aliyemwambia kitu, asubuhi kachoma dozi yake yote kama kawaida, kavaa shati la kijivu la harusi ya dada yako, tukakaa kwenye benchi. Saa mbili, saa nne, wenzake wanaitwa, yeye anaambiwa subiri mzee. Saa saba naona shati limelowa mgongo mzima na feni inazunguka juu yake, namuuliza vipi ananijibu habari za minazi ya Muheza, tena ananiita jina la shangazi yako! Sista mmoja akapita akasema ni uoga wa kisu. Uoga gani, baba yako yule? Nilipiga kelele korido nzima wampime sukari, wakapima, 2.3, imeshuka mno. Ndo wakakimbia na dripu ya glukosi, operesheni ikafutwa siku hiyo. Mpaka leo linaniuma, mtu kaja kwa miguu yake mwenyewe jamani.

Kwa hiyo wa kwanza asubuhi, mwanangu.

Sasa la kuahirisha. Kama si ya haraka madaktari wengi wanapenda hicho kipimo kiwe chini ya 8.5, manake sukari ikiwa juu kidonda kinachelewa kufunga na kupata usaha ni rahisi. Hapo ningesema subiri. Lakini henia nayo ikibana utumbo, uvimbe ukawa mgumu haurudi ndani, maumivu na kutapika, hakuna cha kungoja sukari ishuke, ni hospitali usiku huohuo. Hapo nasema bora uende mapema. Yaani ulimi unaniwasha ila sisemi, waamue daktari wako wa sukari na yule wa usingizi, tena waongee wao kwa wao, sio wewe kubeba maneno huku na huku.

Waulize insulini ya usiku unapunguza kiasi gani na vidonge vya metformini unaacha lini. Na hiyo dapagliflozin, dawa ya sukari waliyokuongezea, wa usingizi anajua unaitumia? Hiyo inasimamishwa siku kama tatu kabla, manake damu inaweza kujaa asidi hata mashine ikisoma sukari nzuri tu, watu wanadanganyika hapo. Mkeo aweke mashine yenu kwenye pochi, mkicheleweshwa akupime palepale kwenye benchi bila kuomba ruhusa ya mtu.

Wakishakujibu nipigie nikate tiketi ya basi, watoto nitakaa nao mimi.