Taa ya sola kwenye mpunga: usiiache ikeshe

Mkuu, umeuliza kama mtego wa taa ya sola unatosha kuachana kabisa na kupuliza dawa kwenye mpunga. Mimi dawa nilishaacha na taa ninayo, ila nikwambie mapema, yenyewe peke yake haitoshi.

Kazi yake kubwa ni kunasa nondo (vipepeo wa usiku) wa mdudu kipekecha shina. Nondo mwenyewe wala hali mpunga, balaa ni mayai anayotaga kwenye majani, yakianguliwa vile vifunza vinatoboa vinaingia ndani ya shina na vikishazama humo dawa ya juu juu inavifikia kwa shida sana. Mpunga ukiwa bado mdogo utaona jani la katikati limekauka, ukilivuta linachomoka kiulaini, ukiwa umeshatoa masuke unakuta suke jeupe limesimama wima, mapepe matupu. Ndo maana unamwinda angali anaruka.

Mtego ni paneli ndogo, betri, taa, na chini beseni la maji yenye sabuni kidogo. Sabuni usiidharau, bila hiyo wadudu wengi wanaelea tu wanajikokota mpaka ukingoni wanasepa zao. Taa ya mwanga wa zambarau inavuta kuliko nyeupe. Ining'inize juu kidogo ya majani, na uipandishe kadri mpunga unavyorefuka.

Sasa wengi wanapopigwa ni kwenye muda, wanasikia betri inakesha basi na wao wanaiacha mpaka asubuhi. Taa haichagui jamani, inazoa na vijidudu vinavyokula mayai ya wabaya wako. Nondo wengi wanaanza kuzurura giza likiingia tu, kwa hiyo mimi naweka taima iwake magharibi izime mida ya saa tatu, saa nne hivi.

Asubuhi usimwage beseni kabla hujachungulia, kwangu hiyo ndo faida namba moja. Ukiona nondo wameongezeka ghafla, ingia majarubani (vile vipande vya shamba la mpunga) kagua majani, mayai yanakaa kwa kirundo, kwa baadhi ya aina kimefunikwa na manyoya ya rangi ya udongo, kata hicho kipande cha jani utoe nje. Ila usiku wa mbalamwezi wanaonasa ni wachache, usijidanganye kwamba wameisha.

Mengine ni ya kawaida: urea usimwage nyingi kwa mkupuo maana majani yakiwa laini sana unawaita mwenyewe, na ukivuna lima mabua uyazamishe, funza wanajificha humo kungoja msimu ujao. Buibui waache. Panya na ndege taa haiwahusu kabisa, hao wana vita yao.

Na taa usiiweke katikati ya jaruba, weka kwenye tuta la pembeni, kwa sababu sio wote wanaoifuata wanatumbukia, wengine wanatua kwenye mpunga ulio jirani na taa na kutaga hapohapo. Kwa hiyo ukikagua anzia hapo.