Maswali ya Wasomaji: Redio za CB Kwenye Msafara wa Magari ya Zamani

Barua za safari hii zimetoka zaidi kwa wasomaji walioko Marekani, waliojiunga na klabu za magari ya zamani na sasa wanajiandaa kwa misafara ya kiangazi. Karibu zote zinalalamikia redio za CB, zile za kuongea gari kwa gari kwa masafa mafupi. Tutawajibu, lakini redio yenyewe mara nyingi haina kosa. Tatizo huwa ni umeme wa gari la zamani, au antena iliyowekwa ovyo.

Ndugu wahariri, klabu yetu itapita barabara ya Route 66 ya zamani kule Arizona, magari kumi na mawili. Wenzangu wanataka kila gari liwe na CB. Kwani simu haitoshi? Na leseni tunaipata wapi? (Msomaji, Phoenix)

Leseni haihitajiki. Marekani CB ina chaneli 40, kuanzia megahezi 26.965 hadi 27.405, na nguvu inayoruhusiwa kwa AM, namna ya kawaida ya kurusha sauti, ni wati 4. Vikuza nguvu ni marufuku, hata kama muuzaji atakuambia kila mtu anavyo.

Kuhusu simu, ngojeni mfike milima iliyo kati ya Kingman na Oatman, pale barabara inapopanda Sitgreaves Pass kwa kona za kubana. Mtandao huko si wa kutegemea. Halafu hata ukiwepo, gari la mbele likikuta jiwe barabarani hakuna muda wa kutafuta namba. Kwenye CB mtu anabonyeza, anasema, na wote wanasikia kwa pamoja.

Msitarajie miujiza ya masafa lakini. Gari kwa gari kwenye uwanda mtasikilizana kilomita 3 hadi 8. Kwenye kona za mlimani pungufu ya hapo, kwa sababu mwamba hukata mawimbi. Kwa hiyo gari la mwisho likipotea hewani, gari la katikati lipokee ujumbe na kuurudia. Dereva wa mbele na wa nyuma kabisa wawe wazoefu, na anayeshika maikrofoni awe abiria.

Chaneli 9 iacheni kwa dharura, na 19 ni ya madereva wa malori. Chagueni nyingine yoyote, na ya akiba, mziandike kwenye karatasi ya ratiba. Jambo moja jipya: tangu 2021 FM, namna nyingine ya kurusha sauti, nayo inaruhusiwa kwenye CB za Marekani. Mwenye redio mpya aliyeiweka FM atasikia mkoromo tu kutoka kwa mwenye redio ya zamani ya AM. Wote wekeni AM.

Nina Ford ya 1953. Fundi amekataa kunifungia redio, anasema itaungua. Anatania? (Mzee wa Columbus, Ohio)

Shikamoo mzee. Hatanii, na umshukuru. Ford za Marekani hadi 1955 zina umeme wa volti 6, na tena upande wa chanya ndio uliofungwa kwenye bodi. Redio ya CB inataka volti 12, na kwa kawaida kasha lake limeungana na hasi. Ukiiunga kwenye betri ya gari kama ilivyo, kasha likigusa dashibodi, au kikalio cha antena kikigusa bodi, hapo chanya na hasi zimekutana. Ikipita kwa antena, waya wake ndio utakaobeba shoti hiyo.

Njia rahisi ni betri ya pembeni: ya volti 12, amp-saa 7 au zaidi, iliyozibwa, aina inayotumika kwenye ving'ora vya wezi. Redio ikisikiliza tu hula kama nusu ampea au chini yake. Ikirusha sauti, ampea 1.5 hadi 2. Siku ya saa nane barabarani, ukiongea nusu saa kwa jumla, itakula karibu amp-saa 4 hadi 5. Ya amp-saa 7 itamaliza siku ikiwa imechoka, ya 12 itamaliza bila wasiwasi. Ichaji kila usiku hotelini. Weka fyuzi ya ampea 3 karibu na betri, wala si karibu na redio, maana waya ukichunika njiani ni fyuzi ya kwenye betri tu itakayokuokoa. Ifunge kwa mkanda sakafuni. Betri inayorukaruka buti nzima ni hatari.

Betri hiyo usiiunge popote na umeme wa gari. Antena itaunganisha hasi yake na bodi, lakini kwa kuwa mkondo hauna njia ya kurudi, hakuna kitakachotokea.

Vibadilishi vya volti 6 kwenda 12 vipo, ila vingi huleta mlio kwenye spika, na visivyotenga chanya na hasi vitakurudisha palepale kwenye shoti. Hatuvipendi.

Antena yangu ya sumaku haishiki kwenye Corvette, nikaibandika kwa gundi ya utepe. Sasa kipimo cha SWR kinaonyesha zaidi ya 3. Niikate? (Msomaji, Atlanta)

Usikate kitu, na acha kabisa kurusha sauti mpaka utengeneze. SWR huonyesha jinsi antena inavyopokea nguvu ya redio: juu ya 3, nguvu nyingi inarudi kwenye redio na transista ya mwisho, ile inayosukuma nguvu kwenda antena, inaweza kufa.

Bodi ya Corvette ni ya fibaglasi. Sumaku haina cha kushika, na antena ya kawaida haina bati chini yake la kuikamilisha. Nunua seti ya antena iliyoundwa kufanya kazi bila bati. Huja na waya wake, nao usiukate wala kuubadilisha kwa sababu urefu wake ni sehemu ya hesabu.

Wenye bodi ya chuma wapime hivi. Gari liwe uwanjani mbali na ukuta, milango imefungwa, mtu asiliegemee. Kipimo kiwe kati ya redio na antena. Chaneli ya 1: bonyeza maikrofoni bila kuongea, sogeza sindano hadi alama ya SET, geuza swichi, soma. Rudia chaneli ya 20 na ya 40. Kama 40 inasoma juu kuliko 1, antena ni ndefu. Kama 1 ndiyo iliyo juu, ni fupi. Legeza skrubu, ingiza au vuta fimbo ya antena milimita 5, pima tena. Chini ya 1.5 ni safi, chini ya 2 safiri. Zote tatu zikiwa juu ya 3, urefu hauhusiki: kagua plagi za waya, na uangalie kama mlango haujaukandamiza.

Sumaku iweke katikati ya paa, au kifuniko cha buti kama gari ni la wazi. Futa vumbi kwanza, na ukiitoa inyanyue, usiiburute. Rangi ya gari la namna hii ni pesa.

Chevrolet yangu ya 1957 ikiwaka, redio inapiga tik-tik na mluzi. Ikizimwa, kimya. (Dada wa Houston)

Una kelele mbili, dada. Injini ikinguruma, chomoa antena nyuma ya redio, na usibonyeze maikrofoni. Kelele inayokoma ilikuwa ikiingia kwa antena. Inayobaki inaingia kwa waya wa umeme.

Tik-tik inayofuata mwendo wa injini ni cheche za plagi. Badilisha nyaya za shaba kwa zile za kaboni zenye ukinzani, na plagi ziwe za ukinzani pia. Kwa plagi za chapa ya NGK tafuta herufi R, kama BPR6ES badala ya BP6ES, lakini saizi ifuate injini yako. Wapenda uhalisia watanuna. Zile za shaba ziweke kwenye buti, uzirudishe siku ya maonyesho. Kisha unga boneti na bodi kwa mkanda wa shaba uliosukwa.

Mluzi ni wa jenereta. Safisha komuteta, ile pete ya shaba ndani yake inayosuguliwa na brashi, na uangalie brashi kwanza. Ukibaki, funga kondensa ya mikrofaradi 0.5 kwenye kituo A cha jenereta, umeme unapotokea, kasha lake likigusa bodi ya jenereta. Kamwe usiifunge kwenye kituo F: itaunguza pointi za regyuleta, yaani kidhibiti cha umeme wa jenereta. Redio nayo ivute umeme moja kwa moja kwenye betri, nyaya zote mbili, kila mmoja na fyuzi yake.

Nikirudi Mombasa naweza kuja na redio yangu? (Msomaji, Minneapolis)

Uhuru wa Marekani wa kutumia CB bila leseni hausafiri na redio. Kenya uliza Mamlaka ya Mawasiliano, Tanzania TCRA, kabla ya kufunga mzigo, ukiwa na modeli na masafa yake mkononi.