Nusu milioni yangu ilivyoyeyuka kwenye hisa za dhahabu

Jumapili usiku nilipata ujumbe wa kijana mmoja wa Kisauni. Nimeufupisha, lakini maneno ni yake: "Ami, salamu aleikum. Nina 300,000 nimezikusanya miaka mitatu. Kuna kampuni ya lithiamu, yale madini ya betri, kule Mali, hisa yake haifiki hata shilingi tano. Wanasema ikianza kuchimba itapanda mara kumi. Niingie sasa ama nisubiri ishuke kidogo?"

Tazama alivyouliza. Hakuuliza kama aingie. Ameshaingia moyoni, anachotaka kujua ni saa. Nilicheka, halafu nikanyamaza, kwa sababu mwaka 2020 swali langu lilikuwa hilo hilo. Ningesema sikuwa na wa kumwuliza, ila ningekuwa naongopa. Nilikuwa naye, tena ndani ya nyumba.

Kwa wasionijua, mimi ni wakala wa forodha. Kazi hii ya kliaringi nina miaka kumi na tisa nayo pale Kilindini. Nataja hili si kwa kujisifu (haya, kidogo) bali mjue kwamba mtu aliyeliwa hapa si mshamba wa makaratasi. Makaratasi ndiyo mkate wangu. Mteja akiniletea fotokopi ya hati ya mzigo namrudisha akalete ya asili, hata awe ndugu yangu wa tumbo moja. Kumbe ni kazini tu. Nikishafunga ofisi na kufungua simu, naamini kila kitu chenye picha nzuri.

Wakwe zangu wako Msambweni, kwa hiyo kwa miaka kumi na zaidi nimepishana na malori ya mchanga mzito yakitoka Kwale kwenda Likoni kupakiwa melini. Ndani yake mna madini ya ilmenaiti, rutaili na zirkoni, kutoka meli ya kwanza ya Februari 2014 hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024. Kampuni iliyokuwa nyuma ya mgodi ule, Base Resources ya Perth, ilianza ikiwa ndogo kabisa. Mradi iliununua 2010 kwa Tiomin ya Canada kwa dola milioni 3 tu, ikatafuta zaidi ya dola milioni 300 za kuujenga, ikachimba kweli, ikauza kweli. Hisa zake zilikuwa zikiuzwa Australia na London, mtu yeyote mwenye dalali wa mtandaoni angezipata. Oktoba 2024 kampuni nzima ikanunuliwa na Energy Fuels ya Marekani, na wenye hisa wakalipwa chao.

Na mimi niliyekuwa nikila vumbi la malori yale sikununua hata hisa moja. Mchanga mweusi niliuona mchanga. Nilitaka dhahabu, tena ya mbali.

Kampuni niliyoichagua sitaitaja. Imeorodheshwa Australia, ilikuwa na leseni ya kutafuta dhahabu katika nchi moja ya Afrika Magharibi, na Februari 2020 hisa yake ilikuwa kama shilingi nne za Kenya. Nikanunua 120,000. Hesabu ni rahisi: 480,000, pesa zilizokuwa za kumalizia ghorofa ya juu ya nyumba yetu Bombolulu. Nondo bado zimesimama pale juu, zimeshika kutu. Kunguru wanazijua.

Mke wangu aliuliza swali moja tu. "Baba Salim, hiyo kampuni imeshauza nini?"

Nikamweleza kuwa haijauza kitu, iko kwenye utafiti, na hapo ndipo pesa zilipo, kwa sababu ukisubiri ianze kuuza utakuwa umechelewa. Nilieleza kwa dakika ishirini. Nilimwonyesha ramani zenye rangi. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Sisi kwetu walikuja kupima mashamba nikiwa shule ya msingi. Meli ya kwanza imeondoka nina watoto wawili." Akaenda kupalia wali.

Basi. Hilo ndilo somo lote la uwekezaji wa migodi, nimepewa bure sebuleni kwangu na mtoto wa Kidigo, na mimi nikaliona ni maneno ya mtu asiyejua soko.

Sheikh wangu naye nilimwendea, maana sikutaka kula haramu. Akaniuliza kama kampuni ina mali halisi au ni kucheza kamari. Nikamjibu kwa kifua kipana: ina dhahabu, sheikh. Haikuwa na dhahabu. Ilikuwa na leseni ya kutafuta dhahabu. Tofauti ya maneno hayo mawili imenigharimu nusu milioni kasoro kidogo, na sheikh nilimpa habari isiyo sawa bila kujua kwamba najidanganya mwenyewe kwanza.

Kisha ikapanda! Hapa ndipo penye sumu. Agosti 2020 bei ya dhahabu duniani ilivuka dola 2,000 kwa wakia kwa mara ya kwanza, na wiki zile zile kampuni yangu ikatangaza imetoboa shimo ikakuta mita 12 zenye gramu 9 za dhahabu kwa kila tani ya mwamba. Hisa ikafika shilingi 11. Nilikuwa na 1,320,000 kwenye simu. Kwenye maskani wakaanza kuniita Sonara. Nikiagiza kahawa mtu ananilipia, na mimi ndiye niliyekuwa na pesa! Arusi moja kule Kibokoni nilizungukwa na wanaume wazima wakiniuliza gramu kwa tani ni nini, nami nafafanua kama niliyezaliwa mgodini. Sikuuza hata moja. Nani angeuza?

Ila nilifanya jambo baya kuliko kutouza. Nilimwingiza shemeji yangu, kwa 150,000 za gunia lake la korosho na ng'ombe wawili. Aliingia kwa bei ya shilingi 10.

Miezi iliyofuata sitaieleza yote, maana haina la kueleza: tangazo baya, kimya, tangazo baya, kimya. Nitaeleza tu jinsi kifo kilivyokuja, kwa kuwa hakikuja kwa dhahabu kukosekana. Dhahabu kidogo ipo mpaka leo, nadhani. Kilichokosekana ni mshahara wa wafanyakazi na nauli ya mashine.

Kampuni ya utafiti haina mauzo. Kila mtambo inaokodisha, kila sampuli inayopeleka maabara, kila tikiti ya ndege ya mkurugenzi, inalipwa na pesa za wenye hisa. Zikiisha, inachapisha hisa mpya na kuziuza kwa bei ya chini kuliko ya sokoni ili wanunuzi wakubwa wakubali. Mwuza maziwa akipungukiwa anatia maji, kopo linajaa, na wewe mwenye kopo lako unaona kipimo ni kile kile. Nilipoingia kampuni ilikuwa na hisa milioni 400. Ilipofika 2023 zilikuwa zimevuka bilioni 1.6. Fungu langu la ile ardhi likawa robo ya lilivyokuwa, na mimi sijauza kitu wala hakuna aliyeniibia. Kisha wakakunja hisa 50 kuwa moja, ati iwe nadhifu. Hisa zangu 120,000 zikawa 2,400. Nikaziuza shilingi 14 kila moja. Piga hesabu mwenyewe, mimi nimechoka kuipiga.

Na yote yalikuwa yameandikwa. Hapo ndipo panaponiuma mimi mtu wa makaratasi. Kampuni za utafiti zilizoko soko la Australia hulazimika kutoa kila robo mwaka jedwali la pesa zilizoingia na zilizotoka, na karibu na mwisho wa jedwali hilo kuna mstari unaosema pesa zilizobaki zitatosha robo ngapi. Ikiwa chini ya mbili, kampuni inatakiwa ieleze itapata wapi nyingine. Siku ile ninaitwa Sonara, mstari ule ulisema 1.3. Yaani kama miezi minne! Nilikuwa nimeipakua ripoti ile, ninayo mpaka leo, lakini nilisoma kurasa za picha za miamba nikaacha. Mteja angeniletea mzigo wa namna hiyo ningemwambia arudi na hati kamili.

Kwa hiyo vijana wangu, ushauri wangu wa kwanza: tafuteni ukurasa wa pesa. Kabla ya ramani, kabla ya wasifu wa mkurugenzi, kabla ya gramu kwa tani. Kampuni za London na Toronto zina taarifa zake za hesabu, zinasomeka bure mtandaoni. Gawa pesa iliyobaki kwa matumizi ya mwezi. Ukipata miezi sita, jua kwamba ndani ya miezi sita wewe utatiwa maji.

La pili ni hayo mashimo. Mita 12 zenye gramu 9 ni nzuri, lakini ziko kina gani? Yangu yalikuwa mita 280 chini. Na mashimo mengine thelathini yalisemaje? Kinachopelekwa kwenye kichwa cha habari ni shimo bora, kama vile kwenye arusi bibi arusi ndiye anayepigwa picha. Viwango vya Australia na Canada vinagawa madini yaliyo ardhini kwa daraja za uhakika, na ya chini kabisa ni ya kukisiwa tu. Daraja hiyo haitoshi kuitwa akiba ya kuchimbwa kwa faida, ila kwenye vikundi vya WhatsApp utasikia wakizidisha wakia zote kwa bei ya leo na kukugawia utajiri.

Kuzidisha huko sisi watu wa Pwani tulipaswa kuwa tumekujua. Mlima Mrima, pale pale Kwale, wenye msitu wa kaya, yaani wa ibada za jadi, mwaka 2013 ulitangazwa kuwa na madini adimu ya thamani ya dola bilioni 62.4. Kampuni ya Cortec ilikuwa imepewa leseni ya kuyachimba mwezi Machi. Agosti serikali ikaifuta. Kampuni mama huko Canada, Pacific Wildcat, ilikuwa na wenye hisa wadogo kama mimi na wewe. Cortec wakaipeleka Kenya kwenye mahakama ya usuluhishi wa uwekezaji wakidai zaidi ya dola bilioni 2, na Oktoba 2018 wakashindwa, kwa sababu leseni ilitolewa bila idhini ya mazingira inayotakiwa na mlima ni hifadhi. Mlima upo. Madini yapo. Hata kijiko kimoja hakijachimbwa.

Na si Kenya tu. Manono, Kongo, kuna lithiamu ya kutisha kwa wingi. Hisa za AVZ Minerals, kampuni iliyokuwa ikidai kuwa ni yake, zilisimamishwa Mei 2022 kwa mgogoro wa leseni na hazikurudi sokoni tena. Watu waliamka asubuhi hawawezi kuuza kwa bei yoyote. Tanzania ilifuta leseni za kuhodhi, yaani za kushikilia eneo kabla ya kuanza kuchimba, Januari 2018, na wenye mradi wa nikeli wa Ntaka Hill wakapewa hukumu yao Julai 2023. Walishinda, naam, baada ya miaka mitano na nusu. Mtaji wako wa harusi unaweza kukaa miaka mitano na nusu?

Kijana wa Kisauni, nakuja kwako na Mali yako. Sheria ya madini ya 2023 kule inaruhusu serikali na wazalendo kufikia asilimia 35 ya mgodi. Sisemi ni dhuluma, nchi ni yao na hata mimi ningetaka hivyo kwa Kwale. Nasema tu, aliyekuambia mara kumi alipiga hesabu ya mgodi mzima au ya asilimia 65? Na bei ya lithiamu aliyotumia ni ya 2022 ilipokuwa juu mbinguni, au ya baada ya kuanguka 2023? Nimemwuliza. Hajui.

Mnaona ninavyohubiri. Mke wangu anasema tangu nipoteze pesa nimekuwa mwalimu, na kabla ya hapo nilikuwa mwanafunzi mtoro. Lakini sijaacha kusoma taarifa za kampuni hizi, nakiri. Kila usiku baada ya isha nafungua mbili tatu. Sijanunua. Kuna moja ya shaba nimeipenda, ina pesa za miezi ishirini, sijanunua.

Shemeji nimeshamrudishia 60,000 kati ya 150,000 zake, kidogo kidogo. Hajawahi kunidai. Nikienda Msambweni ananikaribisha mkeka ule ule, ananiuliza habari za bandari, wala dhahabu haitaji.

Yule kijana nilimjibu Jumatatu asubuhi, mstari mmoja: nitumie ukurasa wa ripoti yao unaosema wamebaki na pesa kiasi gani, halafu tutazungumza. Akanijibu papo hapo: "Sawa ami, nautafuta." Leo ni Alhamisi.