Kabla hujalipia spika mpya, fungua alsamixer

Laptopu yangu ya mtumba ilinyamaza wiki moja baada ya kuiwekea Debian, aina mojawapo ya mfumo wa Linux. Nikaipeleka kwa fundi Luthuli Avenue, Nairobi. Akaiwasha, akabonyeza kitufe cha sauti mara mbili, akaniambia spika zimeungua na mpya ni shilingi 4,500. Sikuwa na pesa hizo, nikarudi nayo Umoja.

Nyumbani nilichomeka hedifoni, na muziki ukasikika vizuri kabisa. Basi kadi ya sauti ni nzima na draiva, yaani programu inayoiendesha, inafanya kazi. Hitilafu iko kati ya kadi na spika. Ndiyo maana nakusihi uanze na hedifoni kabla ya kuandika amri yoyote.

Hedifoni nazo zikiwa kimya, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike aplay -l, uone kadi ambazo Linux imezitambua. Isipotokea hata moja kwenye laptopu ya Intel ya miaka ya karibuni, huenda inakosa fimwea ya sauti, programu ndogo inayopakiwa ndani ya kifaa chenyewe. Kwenye Debian kifurushi chake ni firmware-sof-signed. Zikitokea mbili, hakikisha kwenye mipangilio kwamba sauti haipelekwi HDMI, yaani kwenye tundu la skrini ya nje.

Yangu ilikuwa imetambuliwa, kwa hiyo nikaandika alsamixer kwenye terminali, nikafungua programu hiyo ya kurekebisha sauti za kadi. Hapa usiwe na haraka. Ukurasa wa kwanza mara nyingi huonyesha PipeWire au PulseAudio, programu zinazosimamia sauti, si kadi yenyewe, na wengi hukata tamaa hapo. Bonyeza F6, uchague kadi; kwenye mashine nyingi huitwa HDA Intel PCH. Utaona nguzo za Master, Headphone na Speaker. MM chini ya nguzo ina maana imezibwa, 00 iko wazi, na herufi M ndiyo ya kuzibia na kuzibulia. Sogea kulia hadi Auto-Mute Mode. Kazi yake ni kuzima spika ukichomeka hedifoni. Nilipoigeuza ikawa Disabled, spika zikalia papo hapo, nami nikabaki nimeshika kichwa kwa furaha.

Lakini tundu la hedifoni lilikuwa tupu, kwa nini spika zizimwe? Vumbi. Tundu lilikuwa limejaa, mashine ikidhani hedifoni bado ziko ndani. Nikaizima, jirani anayetengeneza simu akalipuliza kwa blowa, nikachomeka na kuchomoa hedifoni mara kadhaa. Nikarudisha Auto-Mute ikawa Enabled, na spika hazikuzimika tena. Usichokoe humo kwa sindano tafadhali, vibati vya ndani hupinda upesi. Kisha hifadhi mipangilio kwa sudo alsactl store.

Ukishasafisha tundu na kuzibua kila nguzo lakini spika bado kimya, washa mashine kwa flashi yenye Ubuntu, aina nyingine ya Linux, bila kuisakinisha. Huko nako zikikataa huku hedifoni zikilia, sasa nenda kwa fundi, umweleze yote uliyokwisha kujaribu kabla hajashika bisibisi.