Gari Zimenenepa, Paking Ni Zilezile: Maswali Yenu ya Mwezi Huu

Tulisema mtume swali lolote la gari, nyie mmeamua wenyewe kuleta ya paking karibu yote. Haya, twende nayo.

SWALI: Habari za kazi Fundi. Nimetumia Toyota IST miaka yote, mwaka huu nikajikakamua nikauza, nikaongezea hela nikachukua Toyota Harrier, ile wanayoiita Anaconda. Naishi Upanga kwenye yale maghorofa ya zamani, kila fleti ina nafasi yake moja imechorwa mistari chini. IST nilikuwa naingia bila hata kufikiria, sasa hivi nikiingia vizuri kabisa katikati ya mistari siwezi kufungua mlango nikatoka, juzi nimepanda juu ya siti nikatokea mlango wa nyuma huku walinzi wanacheka. Jirani yangu nae ana Anaconda na anatangazia watu kwamba mi sijui kupaki. Nimepima kwa tepu, nafasi ina mita 2.30. Tatizo ni mimi au gari? (Mama Harrier, Upanga)

JIBU: Dada, kupaki unajua, ila hesabu imekukataa. IST ile ya kwanza ina upana wa mita 1.695, Anaconda ni 1.835. Ukitoa kwenye mita 2.30, IST ilikuwa inakuachia sentimita 60 na nusu, Harrier inakuachia 46 na nusu. Na huyo jirani akiwa na gari kama yako, wote mmekaa katikati ya mistari yenu kama watu wastaarabu, basi hizo 46 ndo zote zilizopo kati ya bodi yako na bodi yake. Humo humo mlango wako ufunguke, na mlango wenyewe ni mnene, kisha upite wewe na mkoba wako. Mlango unafunguka mpaka kile kituo cha kwanza unagoma, ukiusukuma kidogo ile ncha yake inagusa mlango wa jirani, ukirudi unakuta kidoti cha rangi yake kwenye gari yako. Najua umeshakiona.

Tena hapo sijahesabu saidi mira. Ule upana ulioandikwa kwenye vipimo vya gari ni wa bodi peke yake, mira hazimo, kwahiyo ukizifungua zote mbili gari inakaribia au inapita mita 2. Zikunje kila ukipaki, Anaconda nyingi zina swichi mlangoni ni kubonyeza tu.

Sasa kwa nini ni hivi. Maghorofa mengi ya Upanga na mjini yalikuwa yameshajengwa kabla Msajili wa Majumba wa serikali hajayachukua mwaka 1971, ndo maana mpaka leo wazee wanayaita nyumba za Msajili. Waliochora nafasi za gari enzi hizo walikuwa wanaona barabarani Kobe wa Volkswagen, upana mita 1.54, na Corolla ya mwaka 1966 ambayo ilikuwa mita 1.485. Peugeot 504 iliyotoka mwaka 1968 ikaja kuwa gari ya wakubwa, ukiiona unajua kuna mkurugenzi ndani, unajua upana wake? Mita 1.69. Yaani gari ya mkurugenzi wa enzi hizo ilikuwa sawasawa na IST yako uliyouza! Kwahiyo aliyechora mistari hakukosea, alichora kwa gari alizoziona.

Alafu kuna Wajapani. Miaka mingi kwao gari ikizidi upana wa mita 1.70 au urefu wa mita 4.70 inahesabiwa daraja la juu na kodi yake ilikuwa inauma kweli, kwahiyo Toyota na wenzake wakawa wanabana gari ziishie 1.695. Ndo maana Vitz ya kwanza, IST, Noah na Corolla nyingi zilizojaa hapa mjini zinaingia popote. Mwaka 1989 kodi ile ikabadilishwa ikawa haiumi tena kama zamani, na huku nje wateja wa Marekani wanataka gari pana, na milango nayo ikaanza kuwekwa vyuma vya kuzuia kugongwa ubavuni na mifuko ya hewa, vyote vinakula nafasi. RAV4 ya mwaka 1994 ya milango mitatu ilikuwa na urefu wa mita 3.7 na upana wa 1.695. Ya 2019 ina mita 4.6 kwa 1.855. Jina ni lilelile lakini ukiziweka pamoja utadhani mtu na mjukuu wake, ila mjukuu ndo mkubwa.

Cha kufanya, badala ya kununiana na huyo jirani muombeni mkubaliane kitu kimoja. Gari zetu usukani uko kulia, kwahiyo ukiingia kwa pua mlango wa dereva unakuwa kulia mwa nafasi, ukiingia kwa rivasi unakuwa kushoto. Mmoja wenu, yule wa nafasi ya kushoto, aingie kwa pua, wa kulia aingie kwa rivasi, milango yenu ya dereva itaangaliana. Kisha kila mtu asogee upande wake wa abiria mpaka karibu na mstari. Mbili zenu mna jumla ya sentimita 93 za ziada, mkiacha 30 upande wa abiria, yaani 15 kila mmoja (mira zimekunjwa), mnabaki na 63 upande wa madereva, na hamtoki wote kwa sekunde moja kwahiyo mnazitumia kwa zamu. Safu nzima wakifanya hivyo, abiria kwa abiria na dereva kwa dereva, watu wote wanapumua. Ila abiria wako washushe kabla hujaingia, hilo halina mjadala.

SWALI: Fundi mambo vipi. Nataka kuagiza gari Japani, nipo njia panda kati ya Toyota Crown Athlete na Anaconda. Nyumba ni ya mzee, kajenga zamani huko Kinondoni, geti lake ni la enzi za Datsun, nimepima upenyo kati ya nguzo na nguzo ni mita 2.20. Washkaji wananiambia Crown ni ndefu sana haitaingia bora Harrier. Ushauri wako? (Kijana wa Kinondoni)

JIBU: Washkaji wako wanaangalia kwa macho. Crown kweli ni ndefu, karibu mita 4.90, lakini upana wake ni 1.80 kwa zile za kuanzia 2012 mpaka 2022, na zile za kabla yake ni chini ya hapo kidogo. Yaani Crown ni nyembamba kuliko Harrier. Na haikutokea kwa bahati, Toyota waliibana makusudi isizidi 1.80 kwa sababu wateja wake wakubwa wako kwao na nyumba na paking zao ni finyu. Wameiachia kwenye toleo la 2022 tu, lile la kuinuka juu, ndo likafika 1.84.

Wenzetu wale hawana mchezo na hili jambo. Tangu mwaka 1962 wana sheria, mtu wa mjini akitaka gari lazima polisi wampe cheti kwamba ana sehemu ya kuiweka, tena isiwe mbali na kwake. Na mjini kwao kuna yale maghorofa ya kupakia gari kwa mashine, unaacha gari chini inanyanyuliwa na kuingizwa kwenye kabati la chuma, mengi ya zamani hayapokei gari inayozidi mita 1.55 kwenda juu. Nenda kapime IST kwenda juu, utapata 1.53. Kila ukiona gari ya Kijapani ina umbo ambalo hulielewi, jiulize ilikuwa inaingia wapi.

Turudi getini kwako. Mita 2.20 Crown inapita na Harrier inapita, hata zikiwa na mira wazi, ila Harrier utakuwa unapita unasali. Swali ambalo hujaniuliza ni mtaa wa mbele ya geti una upana gani. Gari ndefu ikikata kona kuingia getini inahitaji nafasi ya kujitanua, na kama mtaa ni mwembamba alafu ng'ambo kuna ukuta au mtaro, hapo Crown itakutesa kuliko Harrier. Fanya hivi, azima Crown ya mtu, au hata lipia teksi yenye Crown, ije kwenu mjaribu kuingia mara mbili tatu mchana kweupe. Gharama yake haifiki hata bei ya bampa moja. Ikigoma, bomoa nguzo moja usogeze, fundi ujenzi anamaliza mapema tu, lakini ongea na mzee kwanza, usije ukaamka asubuhi ukaanza kugonga nguzo yake.

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni mlinzi kwenye jengo la ofisi huku Posta, chini tuna paking ya gari kumi kwenye safu moja, kila nafasi mita 2.30 na kuna nguzo mbili. Asubuhi zikija V8 mbili, zile Land Cruiser kubwa, kila moja inakalia nafasi mbili, waliochelewa wananifokea mimi kama vile mi ndo nimezinunua. Nikiwaambia wenye V8 wasogee wananiuliza unanijua mimi nani. Nifanyeje? (Mlinzi, Posta)

JIBU: Marahaba ndugu yangu, na pole, hilo la "unanijua mimi nani" halina dawa kwenye safu hii.

Ila usiwalaumu kwa yote. Land Cruiser mpya ile 300 ina upana wa mita 1.98, kwenye nafasi yako ya 2.30 zinabaki sentimita 32, hapo hatoki mtu mzima. Kwahiyo kukalia mistari miwili kwake ni lazima, ukimlazimisha kwenye mmoja atamfungia mwenzake.

Mwambie msimamizi wa jengo afute mistari achore upya. Safu ya nafasi kumi za 2.30 ni mita 23, ukiigawa kwa tisa kila moja inapata 2.55. Atakwambia anapoteza nafasi moja ya kukodisha, mjibu kwamba kwa sasa anapaki gari nane, maana V8 mbili zimekula nne. Kama hataki kuchora upya basi wewe panga mwenyewe: V8 weka mwisho wa safu ambako pembeni hakuna gari, Vitz na Passo ndo ziende kwenye nguzo. Watu wengi wanafanya kinyume, V8 inapewa pale karibu na lifti palipo na nguzo kwa sababu ya heshima. Na zile nguzo zipake rangi ya njano kuanzia chini mpaka usawa wa kifua, zikiishia magotini dereva wa gari ya juu hazioni kwenye mira.

SWALI: Bro, niko Leicester huku Uingereza, nafasi za kwenye maghorofa ya paking huku ni tabu tupu, nimeshachorwa milango yote miwili. Nyie wa Bongo mnalalamika nini? (Mbongo wa Leicester)

JIBU: Pole bro. Kipimo cha huko mlichozoea ni mita 2.4 kwa 4.8, na kimekaa miaka mingi. Mini ya mwaka 1959 ilikuwa na urefu wa mita 3.05 na upana wa 1.41, humo ungepaki na kucheza rede. Golf ya 1974 ilikuwa 1.61, ya sasa ni 1.79. Shirika la Transport & Environment lilitoa ripoti Januari 2024 likasema gari mpya Ulaya zinaongezeka upana sentimita moja kila miaka miwili, wastani umefika 180.3. Paris wao walipiga kura Februari 2024 wakapandisha ada ya kupaki gari nzito za watu wasioishi hapo mara tatu, katikati ya jiji ikawa yuro 18 kwa saa. Ila waliangalia uzito, sio upana, kwahiyo gari ya umeme yenye upana uleule inaweza kupona mpaka tani 2 wakati ya mafuta inabanwa kuanzia tani 1.6. Mi sioni hilo linamsaidia nini mtu aliyekwama ndani ya gari yake.

Wewe panda floo za juu, watu ni wavivu, kule kunakuwa na nafasi zimeachana.

SWALI: Fundi nina watoto watatu, wawili wa kwenye viti vya watoto, paking ya kazini na ya nyumbani zote ni za kubana. Mume wangu anataka Harrier na yeye. Niambie ukweli. (Mama wa watatu, Tabata)

JIBU: Mama, chukua Noah. Zile za kawaida za kuanzia 2001 na hata za 2007 zina upana uleule wa 1.695, na milango ya nyuma inateleza haitoki nje, unamfunga mtoto mkanda huku gari ya pembeni iko sentimita 50 na hakuna kinachogusana. Jaribu kumfunga mtoto kwenye kiti ndani ya Harrier katika nafasi hiyohiyo utaona mgongo utakavyokulipa. Epuka zile zenye bodi la sport, hizo zimepanuliwa kidogo zinafika 1.72. Na ukienda kuangalia gari, fungua na kufunga mlango wa umeme mara nyingi nyingi, usione aibu, injini ikiwa imewaka na ikiwa imezima, sikiliza kama unakwama katikati au unarudi wenyewe, maana mota na kebo yake vikifa mafundi wengi watakushauri uondoe umeme uwe unavuta kwa mkono. Na mumeo mwambie kwenye Noah atapata siti ya mbele ya juu.